Bandari Iliyopimwa Mpwapwa

Mtu aliyezaliwa Mpwapwa huweza kuzeeka asiione bahari. Kati yake na maji ya chumvi imesimama milima ya Usagara, na mbele ya milima zimo nyika, mito na misitu ambayo mpagazi mwenye frasila mbili begani hakuimaliza kwa muda wa chini ya majuma matatu. Walakini katika karne ya 19 ilikuwako miji michache ya bara ambayo riziki yake ilifungwa na bandari kwa kamba fupi kama mji huu. Bandari moja ilipoishinda nyingine kule pwani, habari zilifika Mpwapwa kwa idadi ya misafara, kwa bei ya mtama, na wakati mwingine kwa idadi ya makaburi.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi kulitamka. Safari ianzie wapi? Anayetoka ng'ambo ashuke katika bandari gani ili aingie bara, na anayetoka bara ashike njia ya bandari gani ili avuke bahari? Bandari zilizotaka kuchaguliwa zilikuwa nyingi: Pangani, Saadani, Winde, Bagamoyo, na ghuba za Msasani na Dar es Salaam. Zote zilielekea Unguja kama ng'ombe waelekeao kisima kimoja. Wenye vyombo walizichagua kwa kutazama maji, yaani kina chake, miamba yake na upepo wake, na hapana awezaye kuwalaumu kwa hayo. Lakini bandari ya kuondokea ina nyuso mbili. Uso utazamao bahari hupimwa kwa bildi ya nahodha. Uso utazamao bara haupimiki kwa chombo hicho, na katika nchi hii ulipimwa Mpwapwa.

Sababu yake ni umbo la nchi. Mpwapwa imekaa katika mwinuko wa karibu mita 1,000 juu ya bahari, chini ya vilima, mahali penye kijito na chakula. Njia ya Saadani, iliyopita Nguru na Mamboya, na njia ya Bagamoyo zilikutana hapo kama vidole vinavyokutana katika kiganja. Mbele yake, upande wa machweo, iko Chunyo yenye maji machungu, na baada ya Chunyo ilianza nyika ya Marenga Mkali, ambayo jina lake maana yake ni maji makali: maili zaidi ya 30 ambazo msafiri hakupata maji ya kunywa mpaka afike kwa Wagogo, na kule maji yalipatikana kwa kutoa hongo. Basi kila msafara ulisimama Mpwapwa, upende usipende. Mizigo ilitulizwa, nafaka ikanunuliwa, wagonjwa wakauguzwa, na mwenye msafara akakaa chini kufanya hesabu. Watu wangapi wametoroka? Wanyama wangapi wamekufa? Nguo ngapi zimelowa? Majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyosema kama bandari aliyoichagua ilikuwa njema au mbaya, na alipokwisha kuyapata hakuwa na nafasi tena ya kuchagua nyingine.

Henry Stanley alifika hapo mwaka 1871, alipokuwa akimtafuta Livingstone. Alikuwa ameondoka Bagamoyo na kukutwa na mvua za masika katika mbuga ya Mkata, akaivuka katika tope na maji yasiyokwisha. Alikisifu chakula cha Mpwapwa, akawalalamikia wadudu waliojaa katika hema lake. Mwenzake mmoja, William Farquhar, aliachwa hapo mgonjwa, akafa. Aliporudi kwa safari ya pili Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, akafika Mpwapwa tarehe 12 Desemba, siku 25 tu, kabla mvua kubwa hazijaanza. Bandari ni ile ile, mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni mwezi wa kuondoka.

Na hapa ndipo penye ugumu wa jambo hili, kwa kuwa kalenda ya nchi kavu na kalenda ya bahari hazikuandikwa na mwandishi mmoja. Upepo wa kaskazi, unaovuma tangu Desemba mpaka Machi, uliyaleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Upepo wa kusi, tangu Aprili mpaka Septemba, uliyarudisha kwao. Lakini katikati ya kusi, mwezi Juni na Julai, bahari huwa kali mno, na jahazi la safari ndefu lilitaka kutoka ama mwanzo wa kusi ama mwisho wake. Bara nako mambo yalikwenda vingine. Ugogo hupata mvua zake kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo nchi hukauka. Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, usiku wa Mpwapwa humlazimisha mtu kutafuta blanketi, lakini mchana njia ni kavu na mito huvukwa kwa miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao walikuwa wakulima kabla hawajawa wapagazi, walipenda kutembea katika miezi hiyo na kuwahi makwao kupanda. Basi nchi kavu ilimwita mtu safarini wakati wa kipupwe, na bahari ilimtaka apakie kwa zamu yake yenyewe. Aliyechelewa mwezi mmoja njiani aliweza kuchelewa nusu mwaka pwani, huku riba ya mali aliyokopa ikiendelea kukua.

Huko Ulaya na Marekani wako watu ambao, theluji ikianza kuanguka, huchagua bandari ya kuondokea kwa safari ya anasa. Hutazama nauli, hutazama kama njia ya kufika bandarini itazibwa na barafu, hutazama ni siku ngapi za baridi meli itapita kabla ya kufika penye jua. Miezi ya baridi yao ni miezi ya kaskazi yetu. Mchaguzi wa Mpwapwa wa karne ya 19 aliyajua maswali hayo yote kwa majina mengine, isipokuwa lile la anasa.

Kwa mizani hii ya majira mtu huelewa kwa nini Bagamoyo ilishinda. Kama bandari, haina sifa kubwa. Ufuko wake ni mrefu na maji yake ni haba. Maji yakipwa, vyombo hukaa juu ya mchanga vikiegemea ubavu, na watu huteremsha shehena wakiwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Meli kubwa hulazimika kutia nanga mbali. Lakini Unguja iko ng'ambo tu, mwendo wa maili 25 hivi, na kivuko kifupi namna hiyo jahazi liliweza kukivuka karibu mwezi wo wote bila kuungoja msimu. Pembe iliyofika Bagamoyo ilikuwa kama imekwisha kufika Unguja, na Unguja ndiko ilikongojea upepo wake ghalani. Tena Bagamoyo palikuwa na Wahindi wenye kukopesha merekani, kaniki, ushanga na masango. Palikuwa na maelfu ya wapagazi wakitafuta mzigo wa kurudi nao. Palikuwa na wenyeji waliozoea kuwapokea wageni wa bara. Jina lake hutafsiriwa na watu wengi kuwa ni mahali pa kubwaga moyo, na ingawa wajuzi hushindana juu ya maana hiyo, hapana apingaye kwamba mzigo ulibwagwa hapo.

Dar es Salaam ilikuwa kinyume chake. Sultani Majid aliuanza mji huo katika miaka ya 1860 kwa sababu ya ghuba yake, ambayo kwa kina na kwa kukingwa na upepo haina mfano wake karibu. Majid akafa mwaka 1870, na ndugu yake Barghash hakuuendeleza. Kwa miaka mingi majumba yalisimama yakibomoka kando ya maji mazuri matupu. Bandari nzuri isiyo na wakopeshaji, wala wapagazi, wala njia iliyokanyagwa, ni dimbwi kubwa tu. Uingereza walikuwako matajiri, William Mackinnon akiwa mkuu wao, waliojaribu tangu mwaka 1877 kuipatia ghuba hiyo barabara ya kwenda bara. Kazi ikaachwa mwaka 1881 baada ya maili 70 hivi.

Wakati wa kusema haya juu ya kuchagua, haifai kuwasahau wale ambao hawakuchagua kitu. Katika njia hizo hizo walipitishwa watu waliofungwa kwa minyororo na makongwa, wakashuka mpaka Bagamoyo na bandari nyinginezo, wakavushwa. Mkataba wa mwaka 1873 ulipiga marufuku kuwasafirisha baharini na kulifunga soko la Unguja, na amri za Barghash za mwaka 1876 zikakataza misafara ya watumwa katika nchi kavu. Biashara hiyo haikukoma mara moja. Ilitafuta ufuko wenye macho machache. Mwenye watumwa naye alikuwa na uchaguzi wake wa bandari, na huo ulipimwa kwa giza la usiku. Kwa yule aliyekuwa ndani ya kongwa, jina la bandari halikuwa na maana yo yote.

Mwaka 1876 kulikuja pwani watu wa namna mpya, na kwao ndiko kunapatikana kisa kizito zaidi cha habari hii. Misheni ya Kanisa la Uingereza ilituma kikosi chini ya Luteni Shergold Smith kwenda ziwa Viktoria. Wanajeshi wa bahari na mafundi walikuwamo ndani yake, na kama ilivyo desturi ya watu wa chombo, wazo lao la kwanza lilikuwa kuirefusha bahari. Walikuwa na mashua ya moshi iliyoitwa Daisy. Walijaribu kuipandisha mto Wami, kisha mto Ruvu, ambao wageni wa siku hizo waliuita Kingani, kwa matumaini kwamba bandari ya kuondokea ingeweza kusogezwa mpaka chini ya milima. Mito ikajipinda na kujipinda, ikawa haba, na mashua ikarudi. Ilibaki miguu. Mwaka huo huo kituo kiliwekwa Mpwapwa, na mwaka 1878 kikaanzishwa upya kwa uthabiti zaidi.

Wakati huo misheni nyingine, ile ya Jumuiya ya London, ilikuwa na shabaha ya kwenda ziwa Tanganyika. Ilimtanguliza Roger Price, mtu aliyekaa miaka mingi kusini mwa Afrika, ambako safari kubwa hufanywa kwa magari mazito yavutwayo na jozi nyingi za maksai. Gharama za wapagazi zilimtisha kila mtu, na utoro wao pia. Kama gari la ng'ombe lingeweza kutoka pwani mpaka Mpwapwa, hesabu yote ya safari ingegeuka, na bandari ambayo ingelitoa gari hilo ndiyo ingekuwa mlango wa Afrika ya kati. Price akachagua Saadani. Alikuwa na hoja nzuri: njia ya Saadani ilikwepa matope ya Mkata, na miinuko yake haikuwa mikali. Katikati ya mwaka 1876 alichukua ng'ombe wachache, akaenda nao mpaka Mpwapwa, akarudi nao pwani, naye akaridhika kwamba hakuna jambo la kuogopwa. Taarifa yake ilisomwa London kwa furaha.

Alexander Mackay, fundi wa mitambo aliyekuwa katika kikosi cha Shergold Smith, alikuwa ameugua bara akarudishwa pwani. Mwaka 1877 alipewa kazi ya kuikata barabara ya Saadani hadi Mpwapwa, na akaikata, maili 230, kwa shoka, jembe na vibarua, akipasua vichaka na kuweka madaraja ya magogo. Ni kazi ambayo hata leo mhandisi angeivulia kofia. Watu wa Price nao wakateremka Saadani mwaka 1877 na magari yao na ng'ombe wao.

Ng'ombe walianza kufa. Walidhoofu kwanza, manyoya yakasimama, macho yakatoka maji, kisha wakaanguka mmoja baada ya mwingine kando ya barabara mpya. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mbung'o alikuwako njiani, na kwamba ng'ombe wachache waliopita upesi mwaka uliotangulia hawakuwa ushahidi wa kutosha. Magari yakaachwa, mizigo ikarudi kwenye mabega ya watu. Price alirudi Uingereza kutoa shauri lingine. Wenzake waliendelea kwa shida. Baadhi yao wakafika Ujiji katika mwezi wa Agosti 1878, na mmoja wa hao, J. B. Thomson, akafa hapo baada ya majuma machache.

Ndipo katibu wa Jumuiya yenyewe, Dakta Joseph Mullens, mtu aliyekaribia miaka 60, alipoamua kutoka nyuma ya meza yake na kuja kuona. Alikuwa miongoni mwa wale walioipitisha mipango hiyo London, na jambo la kumsifu ni kwamba hakuridhika kusoma matokeo yake katika barua. Akashika njia ya bara mwaka 1879. Ilikuwa kipupwe, majira ambayo kila mwenye ujuzi angeyasifu kwa safari. Njiani, kabla ya kufika Mpwapwa, alishikwa na baridi, na ugonjwa ukaingia tumboni. Alikufa mwezi wa Julai 1879, akachukuliwa akazikwa Mpwapwa. Kaburi lake ni hesabu ya mwisho ya Saadani, na halikupata kuingizwa katika mizania ya gharama za wapagazi.

Mtu angedhani kwamba baada ya hayo watu wangepumzika. Mwezi mmoja hivi baada ya maziko hayo waliingia Mpwapwa ndovu wanne wa Kihindi. Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliwanunua ili ajaribu kama ndovu angeweza kuchukua mizigo mahali ambapo ng'ombe hufa, na aliwaweka chini ya Mwingereza aitwaye Carter. Hapa bandari ilichaguliwa kwa sababu ambayo haikupata kutumiwa kabla yake wala baada yake: ndovu hapakiwi katika jahazi. Meli iliyowaleta ilitia nanga katika ghuba ya Msasani, kaskazini ya Dar es Salaam, wakateremshwa majini wakaogelea mpaka pwani. Walitembea vizuri mpaka Mpwapwa, na hapo mmoja akafa. Waliobaki walisonga mbele wakaisha mmoja mmoja, na Carter mwenyewe akauawa bara mwaka 1880.

Basi katika muda wa miaka michache bandari tatu zilileta hoja zao Mpwapwa. Bagamoyo ilileta binadamu, Saadani ng'ombe, na Msasani ndovu. Binadamu ndiye aliyeendelea kupita. Si kwa sababu Bagamoyo ilikuwa na akili zaidi, bali kwa sababu haikujaribu kuwa na akili. Ilikuwa imekua polepole kwa kufuata nyayo za watu waliotoka bara na wenye kujua wanakopita. Hapo ndipo penye kosa la wachaguzi wa London na Brussels. Waliuliza maswali mengi kwa mabaharia, kwa mabalozi na kwa wafanya biashara wa Unguja. Mfugaji wa Kiafrika aliyajua mapori ambamo ng'ombe hawapitishwi, akayazunguka, hata kama njia ilirefuka kwa siku nne. Ujuzi huo haukuandikwa katika kitabu, lakini ulikuwa wazi katika nchi yenyewe: palipo na zizi na pasipo na zizi. Jina la ugonjwa na uhusiano wake na mbung'o ulithibitishwa na David Bruce huko Zululand mnamo mwaka 1895, takriban miaka 18 baada ya mifupa ya Saadani.

Ni jambo la kuvutia kwamba mji ulioihesabu mifupa hiyo ndio ulioteuliwa na Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, kuwa mahali pa kuchunguza maradhi ya mifugo. Uchunguzi huo haujakoma hadi leo. Humo ndimo alimotoka ng'ombe aitwaye Mpwapwa, aliyezalishwa katika miaka ya 1940 na 1950 kwa kuchanganya damu ya zebu wa nchi na ya ng'ombe wa Bara Hindi pamoja na nyinginezo, ili apatikane mnyama wa maziwa na nyama awezaye kuvumilia ukame wa uwanda wa kati.

Vita vya mwaka 1888 na 1889 vilipita juu ya bandari hizi zote kwa haraka kuliko kalamu inavyoweza kufuata. Abushiri wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani waliinuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani iliyotaka kuzishika forodha, na hapo ilidhihirika kwamba mwenye bandari ndiye mwenye njia: watu wa Abushiri walipanda mpaka Mpwapwa wakakishambulia kituo cha Wajerumani mwaka 1889. Mwisho wa mwaka huo Wajerumani walikirudia kwa nguvu, na Stanley akapita tena, safari hii akitoka bara pamoja na Emin Pasha. Abushiri alinyongwa Pangani katika mwezi wa Desemba.

Baada ya hapo mchaguzi wa bandari hakuwa tena mpagazi, wala Mhindi mkopeshaji, wala misheni. Alikuwa meli ya moshi. Meli haikuweza kulala ubavu juu ya mchanga wa Bagamoyo kama jahazi, na haikungoja kaskazi wala kusi. Mwaka 1891 Wajerumani waliuhamisha mji mkuu kwenda Dar es Salaam, na mwaka 1905 wakaanza kujenga reli kutoka ghuba ile ile aliyoipenda Majid. Ilifika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Bildi ya nahodha ilikuwa imeshinda hatimaye, kwa sababu chuma kiliondoa haja ya kuwauliza mbung'o na wapagazi.

Pigo lililoipata Bagamoyo liliipata Mpwapwa pia, ingawa halikusemwa sana. Reli hufuata bonde, haipendi kilima. Ilipanda kwa mto Mkondoa kutoka Kilosa, ikapita Kidete, ikashika mto Kinyasungwe na kuweka stesheni Gulwe, maili kumi hivi kutoka Mpwapwa. Maili kumi si kitu kwa mguu uliozoea Marenga Mkali, lakini kwa mji ulioishi kwa kusimamisha watu zilikuwa nyingi mno. Msafiri wa garimoshi hana sababu ya kusimama. Anapita usiku, amelala, na hajui kwamba upande wake wa kulia palikuwa na mahali ambapo kila mtu alilazimika kuhesabu alichobakiwa nacho.

Mara moja tu, katika karne ya 20, hesabu ya namna ile ilirudi jirani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kilimo kikubwa cha karanga Kongwa, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya wilaya ya Mpwapwa. Matrekta na mitambo iliyokwisha kutumika vitani iliagizwa kwa wingi, na yote yalikuja Dar es Salaam. Ghuba ilikuwa nzuri kama zamani, lakini haikuwa na gati ya maji marefu. Shehena zilipakuliwa kwa matishari, na gati hizo hazikufunguliwa mpaka mwaka 1956. Njia ya reli ilikuwa moja, na Kinyasungwe, mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, ulijaa mwaka huo na kuivunja. Mitambo ilirundikana pwani, na watu Kongwa walikuwa wakiingojea. Kwa mashamba ya kusini bandari nyingine ilijengwa, Mtwara, yenye kina kizuri ajabu, pamoja na reli yake ya kwenda Nachingwea. Mpango wa karanga uliachwa mwaka 1951, na reli ya Mtwara iking'olewa katika miaka ya 1960 bandari yenyewe ilibaki na maji yake marefu, ikisubiri mzigo. Haikosi Majid angeitambua hali hiyo.

Mafuriko hayakuacha tabia yake. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mito ile ile iliichukua reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za garimoshi la bara zikasimama kwa miezi. Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kuwachukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, imeinuliwa juu kwa madaraja na matuta na kupenya milima kwa mahandaki. Imepunguza njia ya mtu kutoka uwanda wa kati hadi bandarini kuwa saa chache. Mtu wa Mpwapwa anayetaka kwenda Unguja siku hizi hulala kwake usiku, na kesho yake anaweza kuwa ndani ya boti iendayo kasi kutoka Dar es Salaam, akilalamika kwamba kusi inatikisa. Hakuna anayemwuliza ataondokea bandari gani.

Bagamoyo majahazi bado hukaa mchangani maji yakipwa, na watu huyaendea kwa miguu. Saadani hakuna forodha. Nchi ya nyuma yake imekuwa hifadhi ya taifa inayogusa bahari, barabara ya Mackay imefunikwa na majani, na katika ufuko ambapo maksai wa Price waliteremshwa, tembo wa nchi hii, ambao hawakuletwa na mtu, huonekana wakishuka mpaka penye mchanga mwororo.